Jambia Moja, Warithi Saba: Hekima ya Kutengeneza Nakala Nyumbani

Katika nyumba nyingi za mwambao wetu, tangu Lamu na Mombasa hadi Pemba, Unguja na Kilwa, lipo sanduku ambalo halifunguliwi ila kwa harusi. Ndani yake huwa mna joho, kilemba, pengine bakora ya mpingo, na chini kabisa, limeviringishwa kitambaa, jambia la marehemu babu. Kijana anayeoa hulifunga kiunoni siku moja, kisha likarejeshwa mahali pake. Kwa miaka mingi hakuna anayeuliza jambia hilo ni la nani. Siku mwenye nyumba anapofariki ndipo inapodhihirika kwamba kitu ni kimoja na wanaokitaka ni wengi.

Maswali ya mirathi yanayohusu vitu vya ukumbusho huwa magumu kuliko yanayohusu mashamba. Shamba hupimwa likakatwa, jambia halikatiki. Rai yetu kwa familia zinazosoma ukurasa huu ni kwamba kile cha kale kigawanywe kwa haki kama mali, na kumbukumbu iliyomo ndani yake igawanywe kwa njia nyingine, yaani kwa kutengeneza nakala nyumbani, kwa mikono ya warithi na watoto wao. Kazi hii inawezekana kwa vifaa vya kawaida, nasi tuliifanya kwa Jumamosi saba, wakubwa kwa wadogo, kabla ya kuandika makala haya. Ina hatua zake, na ina masharti yake ya uaminifu.

Mafungu 64

Tuchukue mfano. Mtu amefariki, wazazi wake walikwishatangulia, ameacha mke, wana wawili wa kiume na mabinti wanne. Zikishatolewa gharama za maziko, madeni na wasia ulio halali, mke hupata thumuni, na kinachobaki ni cha watoto, mwana wa kiume akipata sawa na mabinti wawili. Hesabu ikisawazishwa, mali yote huwa mafungu 64: mama mafungu 8, kila mwana wa kiume 14, na kila binti 7. Jambia lililopambwa kwa fedha ni mali kama mali nyingine. Basi nalo lina mafungu 64.

Hapa ndipo ada inapogongana na sheria. Katika koo nyingi husemwa kwamba jambia ni la kifungua mimba wa kiume, na kwamba binti hana haja nalo kwa kuwa halivai. Kauli hiyo haina nguvu mbele ya Kitabu. Binti ana mafungu yake 7 ndani ya fedha ile kama alivyo nayo ndani ya nyumba na minazi. Njia iliyo salama ni kumwita sonara mwaminifu akalithamini, kisha anayelitaka ahesabiwe katika fungu lake. Na thamani ikizidi fungu hilo, awalipe wenzake tofauti. Warithi watu wazima wakiridhia kumwachia mmoja wao bila malipo, hiyo ni haki yao. Ila sehemu ya yatima aliye mdogo hakuna awezaye kuisamehe kwa niaba yake, hata mama yake mzazi.

Basi kabla jambia halijaondoka kwenda kwa aliyelipata, warithi wakubaliane lipimwe, lichorwe na lipigwe picha. Kutoka katika vipimo hivyo kila mmoja ataweza kuwa na lake.

Kulijua jambia lenyewe

Mtu hawezi kunakili asichokifahamu. Majambia mengi ya mwambao ni ya mtindo wa Oman, ambako huitwa khanjari. Ndilo lililomo katika nembo ya taifa ya Oman, juu ya panga mbili zilizopishana, na nembo hiyo imo katika bendera yao tangu mwaka 1970. Mwaka 2022 shirika la UNESCO liliingiza ufundi wa khanjari na ada zake katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu. Mtindo uitwao Saidi, wenye pete saba katika ala, unanasibishwa na ukoo wa Al Busaid, na inasimuliwa kuwa ulibuniwa na Shehrazad, mke wa Kiajemi wa Sayyid Said bin Sultan, yule aliyehamishia makao yake Unguja na kufariki mwaka 1856. Mitindo mingine mingi huwa na pete nne.

Ukilichunguza jambia utaona sehemu nne: bapa la chuma lenye makali pande mbili, mpini, ala, na mkanda. Bapa limepinda, na katikati yake, pande zote mbili, umepita ukingo ulioinuka kama mgongo wa samaki. Ukingo huo ndio unaolipa nguvu bila ya kulizidishia uzito. Ala imepinda zaidi sana kuliko bapa, kiasi cha mgeni kudhani kwamba chuma nacho kimejikunja kama ndoana. Sivyo. Bapa huishia karibu na pale ala inapoanza kujikunja, na sehemu iliyobaki mpaka nchani ni pambo. Mwenye kunakili asipolijua hilo atahangaika bure kukipinda chuma.

Fedha ya majambia ya zamani mara nyingi ilitoka katika reale za Maria Theresa, zilizozunguka Oman, Yemen na Unguja kama sarafu ya biashara. Reale moja ilikuwa na uzito wa gramu 28 hivi, na masonara waliziyeyusha wakafulia pete, nyuzi na mabamba. Tutairejea sarafu hiyo baadaye, kwa kuwa ina somo lake.

Kupima na kuchora

Qur'ani Tukufu inatusimulia katika Suratu Sabaa kwamba Nabii Daud (a.s.) alilainishiwa chuma, na katika kufundishwa kutengeneza mavazi ya vita aliamrishwa apime vizuri kuunganisha kwake. Kipimo ndio mwanzo wa kazi.

Lilaze jambia juu ya karatasi nyeupe, upitishe penseli ukingoni pote: bapa peke yake, kisha ala, kisha vyote pamoja. Andika unene wa bapa mahali patatu, yaani shinani, katikati na karibu na ncha. Piga picha pande zote mbili, rula ikiwa pembeni. Usithubutu kuuchomoa mpini wa jambia la kale ili uone ndani, maana gundi ya zamani ikishaachia hairudi kama ilivyokuwa, na kitu bado ni cha warithi wote. La kwetu lilikuwa na bapa la sentimita 16.

Mchoro huo uhamishwe kwenye kadi ngumu na kukatwa. Kisha tengenezeni jambia la kwanza la mbao laini. Hatua hii watu huipuuza, nayo ndiyo inayowafaa watoto kuliko zote, kwa kuwa mtoto wa miaka kumi anaweza kuishika tupa na msasa juu ya mbao bila ya hatari kubwa, na jicho lake likazoea mpindo kabla mkono wake haujafika kwenye chuma.

Chuma

Kwa nakala ya kutundika ukutani au kuvaliwa harusini, nunua chuma bapa cha kawaida katika duka la vifaa vya ujenzi, chenye upana wa sentimita 6 na unene wa milimita 5. Chuma hiki ni laini, hakihitaji moto, na hakishiki makali ya kukata. Kwa kazi yetu hiyo ni sifa yake njema. Bandika kadi juu yake, chora, na uache mkia wa sentimita 5 utakaoingia katika mpini.

Kibane chuma katika jiliwa. Upande wa nje wa mpindo hukatika kwa msumeno wa chuma vipande vipande. Upande wa ndani msumeno haupiti vizuri, basi toboeni matundu yanayofuatana kandokando ya mstari, mkate baina yake, kisha msawazishe kwa tupa ya mviringo. Tupa hukata inapokwenda mbele tu. Wakati wa kurudi inuliwe, isikokotwe. Kuipaka chaki huzuia unga wa chuma kuganda baina ya meno yake.

Bapa likishapata umbo, chora mstari wa katikati pande zote mbili. Sasa mnapunguza chuma kutoka karibu na mstari kwenda ukingoni, kidogo kidogo, upande mmoja kisha wa pili, mpaka mgongo ule wa samaki utokeze wenyewe. Kazi hii ilituchukua Jumamosi mbili nzima, na ndiyo iliyowanyamazisha vijana wetu kuliko nyingine yoyote. Ukingo ubakie na unene wa milimita moja, na ncha iviringwe, ili kitu hiki kisiwe silaha. Halafu msasa namba 120, 240, 400 na 600 kwa utaratibu, na mwisho mafuta ya cherehani ya kuzuia kutu. Miwani ya kukinga macho ivaliwe tangu mwanzo hadi mwisho.

Wapo watakaotaka kisu cha kutumika, kwa mfano cha jikoni au cha kuchinjia. Hicho kinataka chuma chenye kaboni ya kutosha, na wahunzi wetu wengi hukipata katika springi kuukuu za magari. Kisu kikishachongwa, hupashwa moto wa mkaa mpaka sumaku ikatae kukishika, jambo linalotokea kwenye nyuzi 770 za Selsiasi hivi. Kikiongezwa moto kidogo, huchovywa katika mafuta ya kupikia yaliyopashwa. Hapo huwa kigumu lakini chepesi kuvunjika kama kioo, kwa hiyo hutiwa katika oveni ya nyuzi 200 kwa saa mbili ili kipungue ukali wa tabia yake, na chuma kilichong'arishwa hugeuka rangi ya njano ya nyasi kavu. Sehemu hii ya moto tunawashauri wasomaji waifanye kwa fundi muhunzi, wao wakiwa wanafunzi wake.

Tukimtaja muhunzi, tukumbuke kwamba wapo wanaoidharau kazi hiyo. Khabbab bin Al-Arat (r.a.), katika watu wa mwanzo kabisa kusilimu, alikuwa muhunzi wa panga hapo Makka. Alipokwenda kudai ujira wake kwa Al-As bin Wail, aliambiwa hatalipwa mpaka amkanushe Muhammad (s.a.w.). Alikataa, na aya za Suratu Maryam, kuanzia ya 77, ziliteremka kwa sababu ya kisa hicho. Kijana anayepakwa masizi mikononi yuko katika njia ya watu wakubwa.

Mpini, ala na mkanda

Majambia ya kale yaliyothaminiwa zaidi yalikuwa na mipini ya pembe ya kifaru, na thamani hiyo imewagharimu vifaru wa Afrika Mashariki kwa maelfu. Mtafiti Esmond Bradley Martin, aliyeishi Nairobi, alitumia miaka mingi kuifuatilia biashara hiyo hadi katika masoko ya Sana'a. Yemen ilipiga marufuku kuingiza pembe hizo mwaka 1982, na biashara yake ya kimataifa imekatazwa kwa mkataba. Familia yenye jambia la namna hiyo isilisafirishe wala kuliuza kabla ya kuuliza mamlaka ya wanyamapori. Aidha, kwa Tanzania Bara, sheria ya mambo ya kale ya mwaka 1964 inavihesabu vitu vilivyotengenezwa kabla ya mwaka 1863 kuwa vya kale, na kuvitoa nje ya nchi kunahitaji kibali.

Nakala haina haja ya kifaru. Tulitumia kipande cha mpingo, ambacho mafundi wa vinyago hukitupa kama mabaki, na mashavu mawili ya pembe ya ng'ombe. Pembe hiyo ilitoka katika udh-hiya ya sunna ya Idi. Mwenye kuchinja anaruhusiwa kunufaika na ngozi na pembe nyumbani kwake, lakini haviuzi wala hamlipi mchinjaji kwavyo. Pembe huchemshwa mpaka ilainike, hukatwa kwa urefu, na hubanwa baina ya mbao mbili hadi ipoe na kunyooka. Mkia wa chuma hutiwa katika tundu la mpini kwa gundi ya epoksi, kisha hupigiliwa msumari wa shaba kutoka ubavu hadi ubavu.

Ala huchongwa kwa vipande viwili vya mbao laini vilivyochimbwa ndani, vikagundishwa na kufunikwa ngozi. Mahali pa fedha tuliweka bati laini la alumini, ambalo hupokea nakshi kwa kukandamizwa nyuma yake na kalamu butu, likiwa juu ya gazeti lililokunjwa. Kama mtu anataka fedha halisi, haina ubaya kwa silaha ya mwanamume, kwani imepokewa kwamba kichwa cha mpini wa upanga wa Mtume (s.a.w.) kilikuwa cha fedha. Dhahabu iachwe.

Mkanda ndio sehemu ambayo mabinti na bibi waliichukua wakawapita wote. Mkono uliozoea kudarizi kofia haupati tabu kushona nakshi za jambia, na bibi alizikumbuka za mumewe bila ya kuangalia picha. Watoto walisikia siku hiyo habari za babu yao ambazo hazikuwahi kusemwa.

Neno moja linalopaswa kuandikwa

Sasa tunafika katika sharti. Nakala ikitengenezwa vizuri, baada ya miaka ishirini hakuna atakayeijua. Wapo wafanyabiashara wanaozamisha chuma katika siki na chumvi kikapata kutu ya haraka, wakaipaka ngozi chai na masizi, kisha wakaviuza kama vitu vya miaka mia moja na hamsini. Hiyo ni ghushi iliyo wazi. Tunakijua kisa cha Mtume (s.a.w.) alipotia mkono katika lundo la chakula sokoni, akakuta unyevu chini ya kilicho kikavu, akamkemea mwenye kuuza na kumtenga mdanganyifu na umma wake. Rangi ya juu ya chakula kile ilikuwa kweli. Uongo ulikuwa katika kunyamaza.

Hapa ndipo ile reale inaporudi. Sarafu ya Maria Theresa iliendelea kupigwa miaka mingi baada ya malkia huyo kufa, na mpaka leo hubeba mwaka ule ule wa 1780. Haikuwa udanganyifu sokoni, kwa kuwa wafanyabiashara walizipokea kwa uzito na ubora wa fedha yake. Mwaka ulikuwa alama tu. Jambia halina desturi ya namna hiyo. Anayelinunua hununua umri wake, na asiyeambiwa ukweli amedhulumiwa.

Kwa hiyo, kabla mkia haujaingia katika mpini, chongeni juu ya chuma neno "nakala", mwaka wa Hijria, na majina ya waliotengeneza. Rudieni hivyo nyuma ya ala, mahali panapoonekana. Msiseme kwamba nyinyi hamna nia ya kuuza. Nia yenu mnaijua nyinyi. Atakayekifungua kile kisanduku baada yenu mtamwachia chuma tu, na mjukuu anayekabiliwa na shida ya ada ya shule anaweza kukipeleka sokoni kwa moyo safi na kumdhulumu mtu bila ya kujua. Maandishi yale yanamlinda yeye, na yanamlinda mnunuzi. Yanawalinda pia warithi wenu, kwani sonara akiyasoma hatathamini alumini kwa bei ya fedha wakati wa kugawa mafungu.

Adabu ya chuma

Hata jambia butu lina adabu zake, na nyumba yenye watoto izifundishe pamoja na ufundi. Mtume (s.a.w.) alikataza kupeana upanga uliochomolewa alani; basi kitu hiki kipokezwe kikiwa ndani ya ala, mpini ukielekea kwa anayepokea. Alikataza pia Mwislamu kumwelekezea ndugu yake chuma, hata kwa mzaha, na tunawaomba wazazi walishike hili hasa siku ya harusi, vijana wanapotaka kupigwa picha wakichomoleana majambia. Lisichukuliwe barabarani nje ya shughuli, lisipelekwe shuleni, na mahali pake ukutani pawe juu kuliko mkono wa mtoto.

Katika nyumba tuliyofanyia kazi hii, jambia la kale limekwenda kwa mrithi aliyekubali thamani yake na kuwalipa wenzake. Nakala mbili zimekwisha, ya tatu ingali katika jiliwa, na aliyeiomba ni binti mdogo wa marehemu, aliyeambiwa zamani kwamba jambia si lake. Tunamuomba Mwenyezi Mungu (s.w.t.) aturuzuku uadilifu katika vya waliotutangulia, na ukweli katika vile tutakavyowaachia wanaotufuata. Amin.